Kivu ya Kusini: Kamerhe ameacha kiti cha spika mara mbili, wapiga kura wa Bukavu na Uvira wamebaki na nini?

Kiti cha spika wa Bunge la taifa kimebaki mikononi mwa mtoto wa Kivu ya Kusini. Siku ya Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025, mjini Kinshasa, wabunge walimchagua Aimé Boji Sangara, mbunge wa Walungu, kuchukua nafasi ya Vital Kamerhe, mbunge wa Bukavu, aliyejiuzulu tarehe 22 Septemba. Chama ni kilekile, UNC. Jimbo ni lilelile. Kwa anayetazama kutoka Palais du Peuple, kilichobadilika ni jina kwenye mlango tu.

Kutoka Mutarule mambo yanaonekana kwa njia nyingine. Lokalite hii ya uwanda wa Ruzizi, katika teritware ya Uvira, haina kura katika uchaguzi wa wabunge wa Bukavu. Mbunge wake hutafutwa kwenye orodha za Uvira. Lakini mambo makubwa ya uwanda huu yamekuwa yakipitia Bukavu kwa miaka yote: ofisi za jimbo, korti, hospitali kubwa, bei ya muhogo na mchele. Njia ni moja, barabara ya taifa namba 5, kutoka Uvira kupitia Sange, Luvungi na Kamanyola. Tangu Februari 2025 Kamanyola iko mikononi mwa AFC/M23, na Bukavu vilevile. Serikali ya jimbo ilihamia Uvira. Kwa hiyo mtu aliyeketi juu kabisa ya Bunge la nchi, na ambaye kikatiba ni mmoja wa watu wakubwa wa Jamhuri, alikuwa mbunge wa muji ambao yeye mwenyewe hawezi tena kukanyaga. Hilo linatosha kurudi nyuma na kuhesabu safari yake, kura kwa kura.

Kamerhe alizaliwa Bukavu tarehe 4 Machi 1959, katika familia ya Washi wa Walungu. Alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Kinshasa. Watu wa mashariki walimjua hasa wakati wa mazungumzo ya kumaliza vita, akiwa kamisheni wa serikali anayeshughulika na MONUC na mambo ya Maziwa Makuu, halafu waziri wa habari katika serikali ya mpito iliyoanza 2003. Sifa yake kubwa wakati huo ilikuwa ulimi. Anahutubia kwa Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba, na katika nchi ambako wanasiasa wengi hujificha nyuma ya Kifaransa, mtu anayeweza kuwafanya watu wa Kadutu na wa Kananga wacheke katika wiki moja ni mali ya chama chochote.

Mali hiyo ilimfaa Joseph Kabila. Kamerhe alikuwa katibu mkuu wa PPRD, na mwaka 2006 alizunguka nchi akimfanyia kampeni. Aliandika hata kitabu kueleza kwa nini alimchagua Kabila, jina lake *Pourquoi j'ai choisi Kabila*. Katika duru ya pili ya Oktoba 2006, Kabila alipata asilimia 58.05 dhidi ya Jean-Pierre Bemba. Kivu ya Kusini peke yake ilimpa zaidi ya asilimia 90. Mashariki ilikuwa imechoka na vita, na iliamini kwamba mtu anayesema Kiswahili ataileta amani. Kamerhe alikuwa ndiye mdomo wa ahadi hiyo. Yeye mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Bukavu, na mwezi Desemba mwaka huohuo wabunge wenzake wakamfanya spika.

Wengi wa waliofuatilia Bunge lile la 2006 hadi 2009 wanalikumbuka kama kipindi ambacho mawaziri waliogopa kuitwa. Vikao vilirushwa kwenye televisheni, upinzani ulipewa maneno, na spika alikuwa na tabia ya kuongoza mjadala kama mwalimu anayependa darasa lake. Inawezekana sifa hizo zimeongezwa chumvi na muda. Lakini ukweli ni kwamba jamaa wa chama chake walianza kumuona kama mtu anayejijenga mwenyewe.

Kilichomwangusha kilitoka huku kwetu mashariki. Tarehe 20 Januari 2009 jeshi la Rwanda liliingia Kivu ya Kaskazini kwa operesheni iliyoitwa Umoja Wetu, ili kuwawinda FDLR pamoja na FARDC. Mapatano yalikuwa yamefanywa kati ya Kinshasa na Kigali, na Bunge halikuambiwa. Kamerhe alisema kwenye Radio Okapi kwamba yeye, spika, hakuwa na habari, na kwamba jambo hilo ni zito kama ni kweli. Maneno machache tu. Familia ya kisiasa ya Raisi ilimtaka aondoke, wabunge wa upande wake wakaanza kuhesabiwa mmoja mmoja, na tarehe 25 Machi 2009 alijiuzulu. Hakungoja kupigiwa kura. Évariste Boshab alichukua nafasi yake.

Siku hizo, kule Bukavu na huku Uvira, kujiuzulu huko kulimpa kitu ambacho hakuna chama kinaweza kununua. Alitoka na sura ya mtu aliyepoteza kiti kwa kuuliza swali ambalo kila mtu wa Kivu alikuwa anauliza nyumbani kwake: askari wa nchi jirani wanaingia kwa ruhusa ya nani? Hesabu yake yote ya kisiasa baada ya hapo, hadi leo, ilijengwa juu ya mtaji huo.

Mwaka 2010 alianzisha UNC, akaachana na PPRD na kiti chake cha ubunge. Januari 2011 katiba ilibadilishwa, uchaguzi wa raisi ukawa wa duru moja tu. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu: upinzani ukigawanyika, yule aliye madarakani atapita hata bila nusu ya kura. Ukagawanyika. Tarehe 28 Novemba 2011, kwa matokeo yaliyotangazwa, Kabila alipata asilimia 48.95, Étienne Tshisekedi 32.33, Kamerhe 7.74. Waangalizi walilalamika sana juu ya uchaguzi ule. Hata hivyo namba ya Kamerhe ilikuwa na sura yake: kura zake nyingi zilitoka Kivu, na ile ngome ya zaidi ya asilimia 90 ambayo Kabila alikuwa nayo miaka mitano kabla ikavunjika.

Katika Bunge, UNC ilipata viti 17 kati ya 500. Hapa ndipo teritware ya Uvira inaingia. Kwa wale ambao hawakuwahi kuelezwa vizuri namna kura ya mbunge inavyohesabiwa: mpiga kura anachagua mtu mmoja tu, lakini kura hiyo inaingia kwanza katika kapu la orodha yake. Viti vinagawanywa kwa orodha, kisha ndani ya orodha anachukua mwenye kura nyingi. Kwa hiyo jina kubwa la kiongozi wa chama linaweza kumbeba mgombea ambaye watu wa kijiji hawamjui vizuri, na mgombea mwenye kura zake nyingi za kijijini anaweza kubaki nje kwa sababu kapu lake ni jepesi. Mwaka 2011 jina la VK lilikuwa kapu zito katika Kivu ya Kusini. Kutoka Uvira aliingia Bungeni kwa orodha ya UNC Justin Bitakwira.

Hadithi ya Bitakwira inaonyesha upande mwingine wa kubebana huko. Baadaye alikwenda njia yake, akawa waziri wa maendeleo ya vijiji chini ya Kabila. Mwezi Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ulimwekea vikwazo kwa maneno yake dhidi ya Wanyamulenge na Watutsi, maneno uliyoyahesabu kuwa ya kuchochea chuki na fujo. Katika teritware ambako Wafuliiru, Warundi, Wavira na Wanyamulenge wanagawana mashamba, malisho na barabara moja, neno la mheshimiwa halibaki Kinshasa.

Mutarule inajua. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wenye silaha walishambulia lokalite hii, wakaua zaidi ya watu 30, wengi wao Wafuliiru, wakiwemo watoto. Waliuawa kwenye ibada, wengine nyumbani. Askari wa FARDC na wa MONUSCO walikuwa Luberizi, umbali wa kilometa 9 hivi. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwezi uliofuata kwamba walipewa habari na hawakuja kwa wakati. Nyuma ya usiku ule kulikuwa na ugomvi ambao uwanda mzima ulikuwa unauona ukiiva: ng'ombe na mashamba, wizi wa mifugo na kulipiza kisasi, na kiti cha mwami wa usheferi wa Warundi ambacho Wafuliiru na Warundi hawakukubaliana juu yake, mwami mwenyewe akiwa ameuawa mwaka 2012.

Mwaka huo Kamerhe alikuwa upinzani, bila kiti Bungeni. Wabunge wa Uvira walikuwepo. Bunge lina njia zake za kazi kwa jambo kama hilo: kumhoji waziri wa ulinzi, kuunda tume ya uchunguzi, kufuata fedha za jeshi katika bajeti. Ni njia zilezile ambazo spika wa 2006 alisifiwa kwa kuzitumia. Lakini zinahitaji spika anayeziruhusu na mbunge anayeandika barua, na mbunge wa uwanda ambao makabila yake yanaogopana ana sababu nyingi za kuzungumza na watu wake peke yao.

Rudi kwa Kamerhe. Kutoka 2016 hesabu yake inakuwa ngumu kufuata, na hata wafuasi wake wa Bukavu walichoka. Mwaka ule alikubali kuongoza upande wa upinzani katika mazungumzo ya Cité de l'OUA, yaliyosimamiwa na Edem Kodjo, wakati sehemu kubwa ya upinzani ilikataa kuingia. Mapatano ya tarehe 18 Oktoba 2016 yaliahirisha uchaguzi. Wengi waliamini atapewa uwaziri mkuu. Kabila alimpa Samy Badibanga.

Halafu Geneva. Tarehe 11 Novemba 2018 viongozi saba wa upinzani walimchagua Martin Fayulu kuwa mgombea mmoja. Kamerhe alitia sahihi, Félix Tshisekedi pia. Kesho yake wote wawili waliondoa sahihi zao. Tarehe 23 Novemba walikuwa Nairobi, wakaunda CACH: Tshisekedi mgombea, Kamerhe nyuma yake, na ahadi ya kubadilishana zamu mwaka 2023. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba. CENI ilimtangaza Tshisekedi kwa asilimia 38.57. Fayulu hakukubali, na Kanisa Katoliki lilisema matokeo hayalingani na yale ya waangalizi wake.

Mtu anaweza kusema kwamba Nairobi ndiyo biashara nzuri kuliko zote alizofanya Kamerhe. Bila kuwa mgombea, Januari 2019 aliingia ofisi ya Raisi kama mkurugenzi wake, dirkaba kama watu wanavyosema, na kwa mwaka mmoja hakuna karatasi iliyopita bila yeye. Lakini mtu wa Kivu aliyemfuata tangu 2009 alikuwa na swali halali: kura yangu imeuzwa wapi, na kwa bei gani? Ahadi ya zamu ya 2023 haikuandikwa mahali ambapo mpiga kura angeweza kuidai.

Tarehe 8 Aprili 2020 alikamatwa. Kesi ilihusu mpango wa siku 100 wa Raisi, hasa nyumba 1,500 za kuunganisha zilizopaswa kujengwa na mfanyabiashara wa Kilebanoni Jammal Samih. Kesi ilifanyika ndani ya gereza la Makala na kuonyeshwa kwenye televisheni, wakati wa korona. Katikati ya kesi, hakimu Raphaël Yanyi alifariki, na wizara ya sheria ilisema baadaye kwamba alikuwa amepigwa kichwani. Tarehe 20 Juni Kamerhe alihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu kwa kuiba zaidi ya dola milioni 48. Rufaa ilishusha hadi miaka 13. Desemba 2021 aliachiliwa kwa muda, korti ya kasasio ikavunja hukumu, na tarehe 23 Juni 2022 korti ya rufaa ya Kinshasa-Gombe ilimuondolea makosa yote. Kisheria hana deni.

Kisiasa alitoka akiwa mtu mwingine. Yule aliyekuwa anauliza maswali akawa mtu anayejua kwamba mlango wa gereza unafunguliwa na kufungwa kutoka nje. Machi 2023 alirudi serikalini kama naibu waziri mkuu wa uchumi. Hakugombea uraisi. Alimuunga mkono Tshisekedi, akasimama ubunge Bukavu, akachaguliwa tarehe 20 Desemba 2023. Kundi la UNC na washirika wake lilipata zaidi ya viti 30, moja kati ya makundi makubwa baada ya UDPS. Sheria ya kizingiti cha asilimia 1 ya kura za nchi nzima ilikuwa imewalazimisha wagombea wengi wadogo kutafuta mwavuli, na mwavuli wa VK ulikuwa na nafasi.

Aprili 2024 Union sacrée ilifanya uchaguzi wa ndani kupata mgombea wa kiti cha spika. Kamerhe alipata kura 183, Christophe Mboso 113, Modeste Bahati Lukwebo 69. Wawili kati ya watatu ni wa Kivu ya Kusini, jambo ambalo watu wa Kinshasa walilizungumza kuliko sisi. Alfajiri ya tarehe 19 Mei watu wenye silaha wakiongozwa na Christian Malanga walishambulia nyumba yake Gombe kabla ya kwenda Palais de la Nation. Polisi wawili waliokuwa wakimlinda waliuawa. Siku tatu baadaye, tarehe 22 Mei, alichaguliwa spika kwa kura 371. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu alipokiacha kiti hicho.

Mwezi Juni 2024, wakati ofisi yake mpya ikianza kazi, MONUSCO ilimaliza kuondoka Kivu ya Kusini. Kambi za Kamanyola, Sange na Uvira zilikabidhiwa serikali. Miezi minane baadaye, katikati ya Februari 2025, M23 iliingia Kavumu, halafu Bukavu. Umoja wa Mataifa unasema jeshi la Rwanda liko nyuma yao, Kigali inakana. FARDC walishuka uwanda kuelekea Uvira, baadhi yao wakiwa wamechanganyikiwa na kugombana na Wazalendo njiani, na raia wengi walivuka Ruzizi kuingia Burundi.

Hapa mzunguko wa Kamerhe ni wa ajabu kidogo, na si lazima mtu awe mpinzani wake kuuona. Mwaka 2009 alipoteza kiti kwa sababu aliuliza juu ya jeshi la Rwanda lililoingia kwa mapatano. Mwaka 2025, jeshi hilohilo, kwa maneno ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, lilisaidia kuchukua muji uliomchagua, naye akiwa kwenye kiti. Mara hii aliulizwa mambo mengine kabisa. Septemba, wabunge wengi wa upande wake mwenyewe walitia sahihi maombi ya kumuondoa yeye na wajumbe wengine wa ofisi ya Bunge. Walimlaumu kwa uongozi usio wazi wa fedha za Bunge na kwa kukwamisha kazi ya kuhoji serikali. Lawama hiyo ya pili, kwa spika wa 2006, lazima iliuma. Tarehe 22 Septemba alitangaza kujiuzulu. Kwa mara ya pili, hakungoja kupigiwa kura.

Tofauti iko kwa watu. Machi 2009 Bukavu ilinung'unika. Septemba 2025 Bukavu ilikuwa na mambo mengine: benki zimefungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu haufanyi kazi, na viongozi wa muji wamewekwa na AFC/M23. Maandamano ya kumtetea mbunge, hata kama mtu angetaka, yangeombewa ruhusa kwa nani?

Kamerhe bado ni mbunge. Kujiuzulu kulihusu kiti cha spika, siyo kile cha Bukavu, na muda wake unakwenda hadi uchaguzi wa 2028. Chama chake kimebaki na kiti kikubwa kupitia Boji, ambaye Walungu yake nayo imeguswa na vita hivyohivyo. Wanaopenda UNC wanasema VK ameanguka kwa miguu. Inaweza kuwa kweli.

Kwa uwanda wa Ruzizi swali lililo karibu zaidi ni la CENI. Mwaka 2023 watu wa Masisi, Rutshuru na Kwamouth hawakupiga kura kwa sababu ya vita, na uchaguzi wa nchi ulitangazwa bila wao. Hakuna aliyeahirisha kitu kwa ajili yao. Kama mstari wa vita ungebaki ulipokuwa mwezi Novemba 2025, kati ya Kamanyola na Luvungi, teritware ya Uvira ingekuwa na daftari la wapiga kura upande mmoja, na Bukavu na sehemu kubwa ya Walungu na Kabare upande mwingine. Hapo kapu zito la VK, lile lililowabeba wagombea wa UNC hadi Uvira mwaka 2011, lingekuwa halina Bukavu ndani yake.

Kikao cha Septemba kinafungwa tarehe 15 Desemba. Baada ya hapo wabunge wako katika vakansi hadi tarehe 15 Machi, muda uliowekwa ili waende kwa waliowachagua na kuwapa ripoti. Mwezi Novemba 2025 wale wa Uvira waliweza kuruka hadi Bujumbura, kuvuka Gatumba, kuingia Kavimvira na, kama barabara ilipitika, kupanda hadi Sange na Mutarule. Wale wa Bukavu na Walungu, spika wa zamani na spika mpya, njia yao iliishia chini ya Kamanyola.